Sanduku la kuanikia maembe: nimelitumia msimu mzima

Miaka yote maembe ya achari nimeanika juu ya bati la choo, kwa mkeka na kipande cha chandarua, huku nimekaa na fimbo. Aliyeishi Likoni, hapa Mombasa, anawajua kunguru wetu, chandarua hakiwatishi.

Novemba nikachoka. Nikatoa shilingi 6,500 kwa fundi mmoja ng'ambo ya feri, akanitengenezea sanduku la kukaushia kwa jua: mbao, futi nne kwa mbili, chini bati lililopakwa rangi nyeusi, juu karatasi ngumu ya nailoni, ndani treya mbili za waya. Halina umeme wala feni. Jua linapasha bati, hewa inaingia kwa tundu za chini, inapata moto, inapanda na kutokea juu na maji ya embe. Basi.

Mzigo wa kwanza ulikuwa kilo 6 za maembe aina ya ngowe kutoka soko la Kongowea, zilizokomaa lakini bado ngumu. Nikamenya, nikakata vipande vya unene wa penseli, nikachovya kwenye maji ya ndimu visigeuke rangi. Siku mbili za jua la kaskazi, nikapata kama gramu 700, rangi ileile, bila mchanga, bila nzi hata mmoja. Juu ya bati la choo ningengoja siku nne, na vingetoka vyeusi kama samaki wa ng'onda.

Lakini waya, jamani! Fundi aliweka ule wa mabati. Embe ina asidi, na asidi inaula. Wiki ya tatu treya zimeshika unga mweupe na vipande vina ladha ya kulamba ufunguo. Mzigo mzima nikautupa. Nilipompigia akanijibu, "Mama, wote wanatumia huo huo." Nikaung'oa mwenyewe, nikatia neti ya nailoni.

Na zile tundu za chini zilikuwa za kuingiza kidole tu. Hapa Mombasa hewa yenyewe imeloa, ukiibana haiendi na maji. Mwanangu alitia kipimajoto saa saba mchana kikasoma nyuzi 72. Kipande kinashika ngozi ngumu nje, ukikikunja kinatoa maji ndani. Tulizipanua mpaka zikaingia ngumi ya mtoto, tukaziba kwa neti, sasa joto linacheza 55 hadi 60. Hapo ndipo nilipoacha kujuta pesa zangu.

Usiku siviachi vipande nje. Siku moja nilikwenda arusini Mtongwe nikasahau. Asubuhi nikakuta vipande vimelegea kama havijaona jua. Tangu hapo, kabla ya magharibi navitia ndooni na kufunika, asubuhi vinarudi.

Mvua za Mei nilijaribu ndizi. Siku ya tatu zikaota ukungu. Miezi hiyo sanduku ni la paka kulalia, na fundi hakunitajia hilo alipokuwa akihesabu pesa.

Kwa mwenye jua na miembe, hata hivyo, ningemwambia anunue. Mjomba wangu yuko Msambweni, ana miembe mitatu, na kila Desemba maembe yanaozea chini kwa sababu nauli ya kuyaleta mjini inazidi bei yake. Nimeshamwagizia lake. Treya nimemwambia fundi azilete tupu, neti tutatia wenyewe.