Simuleta au mnarani: mwongoza ndege afundwe wapi?

Kijana wa Malindi mwenye ndoto ya kuongoza ndege hupanda basi kwenda Nairobi, kwenye chuo cha usafiri wa anga kilichoko Embakasi. Huko hukalishwa mbele ya simuleta, mtambo unaoiga kazi halisi ya kuongoza ndege, na mimi naipenda kwa sababu moja: humo kosa haliui. Mkufunzi humletea ndege ndogo ya Cessna Caravan ya mwendo wa pole, kisha nyuma yake ndege kubwa zaidi, Dash 8, inayokuja kasi, zote zikielekea njia moja ya kutua. Mwanafunzi aamue upesi: ampunguzie mwendo rubani wa nyuma, amzungushe, au amwache juu, futi 1,000 zaidi? Akikosea, zoezi linarudiwa hata mara kumi.

Mnarani, kwenye mnara halisi wa kuongozea ndege uwanjani, hakuna kurudia. Mkufunzi husimama kando, tayari kuchukua maikrofoni. Lakini kusi likivuma ubavuni mwa ndege, mvua ya masika ikifunika bahari, na sauti ya rubani ikikatika redioni, ndipo mtu anapojua uzito wa kazi. Hilo simuleta hulikaribia tu.

Ningechagua simuleta kwanza, tena kwa muda mrefu. Mnarani aingie mikono ikiwa imeshatulia. Abiria waliomo ndani ni jamaa zetu.