Kitambaa cha kukinga mboga na baridi: uzoefu wangu katika kinyungu cha Njombe

Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, ambako hakuna anayehangaika na baridi ya mboga, lakini bustani inayonipatia kabichi, karoti na njegere iko Njombe, chini ya nyumba ndogo ya familia inayotunzwa na shangazi yangu. Kwa kuwa wakazi wengi wa jiji hili wana mashamba ya namna hiyo Njombe, Makete, Mufindi au Lushoto, na wengi wetu tunalima kwa simu kuliko kwa jembe, nimeona nieleze jinsi kilivyonifaa kitambaa cheupe cha kufunikia mboga, nilichokinunua kwenye duka la pembejeo hapa Dar es Salaam.

Kitambaa hicho ni chepesi, hakikufumwa, na kimetengenezwa kwa polipropilini, aina ya plastiki, kwa hiyo ni ndugu wa ile mifuko mbadala iliyoenea nchini baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kinapitisha hewa, maji na sehemu kubwa ya mwanga. Huuzwa kwa kutofautishwa uzito: kipo chembamba cha gramu 17 kwa mita ya mraba, na kipo kizito cha gramu 30 hivi. Muuzaji alinihakikishia kwamba chembamba kinatosha kwa baridi yoyote ya Tanzania, na hilo si kweli hata kidogo, kwa sababu chembamba huongeza nyuzi joto 2 hivi tu, kiasi ambacho usiku mbaya wa Juni au Julai hukimaliza mapema kabla ya alfajiri.

Ili mtu aelewe thamani ya kitambaa hiki, ni lazima kwanza aelewe kinyungu, yaani bustani ya bondeni. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua zikishakoma, kilimo cha mboga huteremka mabondeni, kwenye vinyungu, ambako maji yako karibu na udongo haukauki. Tatizo ni kwamba hewa ya baridi nayo ni nzito kuliko ya vuguvugu, na katika usiku usio na mawingu wala upepo huteremka taratibu kwenye mteremko na kutuama bondeni humo humo. Kwa hiyo mahali penye maji ndipo penye umande unaoganda. Maharage na viazi mviringo vya bondeni vinaweza kuungua kwa usiku mmoja, majani yakaamka yana weupe na kuwa meusi jua likishapanda, ilhali vilivyopandwa hatua chache juu ya mteremko vimesalimika kabisa. Jirani anayeona hivyo husema ni bahati. Mimi nadhani ni mwinuko.

Kitambaa hakitengenezi joto, bali huchelewesha joto la udongo lisipotee usiku, na ndiyo maana hakina maana kukifunika saa tatu usiku wakati udongo umekwisha kupoa. Tunafunika kabla jua halijazama, tena juu ya tuta lililomwagiliwa mchana, kwa kuwa udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi ya udongo mkavu. Shangazi alikicheka siku za mwanzo na kuniuliza, "Mwanangu, siku hizi kabichi nazo zinalala kwenye chandarua?" Hata hivyo ndiye aliyegundua kwamba kila jani lililogusa kitambaa liliungua ukingoni, akaagiza zipasuliwe fito za mianzi, zikunjwe upinde na kuchomekwa pande mbili za tuta ili kitambaa kikae juu yake. Mianzi huko si shida, ingawa wenyeji wengi huithamini zaidi kwa sababu ya ulanzi, pombe itokanayo na utomvu wake.

Faida kubwa niliiona kwenye letusi, miche michanga na karoti. Mbegu za karoti katika udongo wa baridi huweza kukaa wiki 3 au zaidi bila kuchomoza, na tuta lililofunikwa lilitangulia waziwazi lile lililoachwa wazi. Kabichi iliyokomaa na sukuma wiki, kwa upande wao, havihitaji gharama hii, kwani vinastahimili baridi vyenyewe, na sukuma wiki iliyopigwa na baridi huwa na utamu zaidi kwa sababu mmea huongeza sukari kwenye majani ili kujikinga. Nyanya ni habari nyingine: joto likishuka chini ya nyuzi 10 hazikui ipasavyo, kwa hiyo anayetaka nyanya za Julai ajenge kitalu nyumba na aache kulaumu kitambaa.

Zipo kasoro. Kitambaa huzuia nondo wa kabichi wasitage mayai kwenye majani, lakini vidukari wakiwa wamekwisha kuingia, hustarehe humo ndani bila kuliwa na wadudu rafiki, hivyo ni lazima kufunua na kukagua mara kwa mara. Maboga yanapotoa maua sharti yafunuliwe mchana ili nyuki wayafikie. Kipande nilichonunua baadaye kwenye duka jingine kwa bei nafuu hakikuwa na kinga dhidi ya jua, kikaanza kukatika kama karatasi kabla ya msimu kuisha; siku hizi nauliza jambo hilo kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu gharama sina malalamiko, kwa sababu kitambaa cha matuta yetu yote kilinigharimu pungufu ya nauli ya kwenda na kurudi kutoka kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi. Jambo ambalo ningelisisitiza kwa mnunuzi ni upana. Fito zikiinuliwa nusu mita juu ya tuta la mita 1, upinde wake peke yake unameza karibu mita 1.6, na cha mita 1.6 ndicho kinachopatikana kwa urahisi madukani. Hakibaki kipande cha kufukia udongoni, na upepo wa alasiri hukichukua. Dai cha mita 2 au zaidi, cha gramu 30, hata kama itabidi usubiri kiagizwe.