Sikupewa modeli niliyolipia: uzoefu wangu na wapitishaji wa API za akili unde

Mweka hazina wa sacco, niliyoitengenezea programu ya kujibu maswali ya wanachama kwenye simu, alinipigia saa tatu usiku. "Mwanangu, hiki kitu chenu kimepatwa na nini? Mchana kinasema Kiswahili kizuri, usiku kinasema kama mtalii." Akanitumia picha ya skrini. Mwanachama alikuwa ameuliza kama anaweza kuomba mkopo mwingine kabla hajamaliza wa kwanza, akajibiwa: "Mkopo yako ya kwanza lazima imelipwa nusu ndio unaweza kuomba ingine." Mchana wa siku hiyo hiyo swali kama hilo lilikuwa limejibiwa hivi: "Mkopo wako wa kwanza ukishalipwa nusu, unaweza kuomba wa nyongeza."

Jina la modeli ya akili unde kwenye msimbo wa programu yangu lilikuwa lile lile, Claude Sonnet ya Anthropic, na maagizo yale yale. Sikuwa nimegusa chochote kwa siku kumi na moja. Usiku huo ndipo nilipoanza kumchunguza mpitishaji niliyekuwa nikimlipa.

Kwa asiyejua, mpitishaji ni dalali. Badala ya programu yako kuzungumza moja kwa moja na watengenezaji wa modeli kama Anthropic, OpenAI au Google, inazungumza na seva yake, naye anapeleka ombi mbele kwa ufunguo wake, yaani nywila ya akaunti yake, na kukurudishia jibu. Unabadili anwani ya seva na ufunguo, mistari miwili tu, na kila kitu kinaendelea kama kawaida. China, ambako OpenAI na Anthropic haziuzi API zao (njia ya programu kuzitumia modeli), na ambako OpenAI ilianza kuyazuia maombi Julai 2024, watu hupitia huko kwa sababu mlango umefungwa. Hapa Kenya mlango uko wazi. Mimi nilizungushwa na hesabu: akaunti tatu za kulipia kabla, kila moja ina dola zangu zimelala, ilhali naweza kuwa na moja inayofika kote. Halafu mpitishaji wa kwanza niliyemtumia alitangaza bei pungufu kwa asilimia 40 kuliko ya mtengenezaji. Nikaingia.

Baada ya simu ile niliandika programu ndogo ya kutuma maombi matatu yale yale kila baada ya nusu saa, mchana na usiku. Nilifungua pia akaunti ndogo moja kwa moja kwa Anthropic, niwe na cha kulinganishia.

Ombi la kwanza lilikuwa la kuhesabu tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na ambavyo hulipiwa. Anthropic wana huduma ya bure inayokuambia maandishi yako ni tokeni ngapi kabla hujayatuma. Aya ile ile, kwa modeli ile ile, haina sababu ya kubadilika hesabu. Kwa mpitishaji wangu, mchana hesabu ililingana. Kuanzia saa mbili usiku ikawa nyingine, na kila usiku ilikuwa ile ile nyingine. Maandishi yangu yalikuwa yakikatwa kwa njia ya modeli tofauti.

La pili lilikuwa neno lililofichwa. Nilichukua kanuni za sacco, kama kurasa 40 hivi, nikachomeka katika ukurasa wa pili sentensi isemayo "Neno la siri ni mdalasini", kisha mwishoni nikauliza neno la siri ni lipi. Modeli niliyolipia ilikuwa ikipokea tokeni 200,000, kwa hiyo kurasa 40 kwake si kitu. Mchana ilijibu mdalasini bila kusita. Usiku ikajibu kwamba waraka hautaji neno lolote la siri. Mwanzo wa waraka haukuwa umefika, kuna mahali ulikatwa ili kupunguza gharama.

La tatu ndilo ninalowashauri wote mnaojenga kwa Kiswahili, kwa sababu halihitaji hata kuhesabu. Ipe modeli sentensi kumi zenye ngeli za kuchanganya: mkopo na mikopo, hisa, dhamana, marejesho, ukope na kope. Iambie iandike wingi na umoja wake, na iongeze kivumishi na kimilikishi. Modeli kubwa hupatanisha karibu zote. Ndogo huanza kuteleza kwenye ya pili au ya tatu: "mkopo yako", "hisa wangu", "marejesho mwingine". Anayeandika Kiingereza anaweza kubadilishiwa modeli akakaa mwezi bila kujua, maana modeli ndogo nazo huandika Kiingereza safi. Sisi lugha yetu inatupigia kengele.

Kuiuliza modeli "wewe ni nani?" hakusaidii, msipoteze muda huko. Modeli nyingi hujibu hovyo kuhusu jina lake, na mpitishaji anaweza kuweka maagizo yake juu ya yako na kuifundisha la kusema.

Nikaja kwenye pesa, na hapo niliumia zaidi. Programu yetu hutuma kanuni zote za sacco pamoja na kila swali, kama tokeni 20,000. Anthropic wana keshi, yaani hifadhi ya muda ya maandishi yanayorudiwa: ukiitumia, mara ya kwanza unalipa robo zaidi ya bei ya kawaida, na maswali yanayofuata ndani ya dakika 5 yanasomewa kutoka kwenye keshi kwa sehemu moja ya kumi ya bei. Kila inaposomwa, muda wake unaanza upya. Saa za kazi maswali ya wanachama hayakatiki, kwa hiyo kanuni zingenigharimu kama tokeni 2,000 kwa kila swali. Mpitishaji wangu hakuwa akipitisha keshi, alinitoza zote 20,000 kwa bei yake ya asilimia 60, yaani sawa na 12,000. Ule unafuu ulikuwa ukinigharimu mara sita. Fanyeni hesabu hii kwa matumizi yenu kabla ya kuangalia bei kwenye ukurasa wa mbele wa mtu.

Niliwaandikia kupitia Telegram, wakanijibu kwamba njia zao usiku huwa na msongamano. Salio halikurudishwa.

Kuna jambo moja bado linanikaa rohoni. Mpitishaji anasoma kila kitu. Usimbaji wa njiani, yaani kuyaficha maandishi yanaposafiri, unaishia kwenye seva yake, hapo maandishi yanafunguka, na kuyatunza au kutoyatunza ni uamuzi wake. Wiki za mwanzo mimi nilikuwa nikituma majina ya wanachama, namba zao za kitambulisho na madeni yao. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, wale ni watu walionikabidhi mambo yao ya ndani. Nilikwenda kwa mweka hazina nikamweleza ana kwa ana. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja: "Sasa umeziba?" Sasa kila jina hubadilishwa kuwa alama kabla halijatoka kwenye seva yetu, na hurudishwa jibu likishafika. Namba za vitambulisho hazitoki kabisa.

Mpitishaji wa pili nilimtumia wiki mbili. Modeli zake zilikuwa za kweli, vipimo vyote vitatu vilipita usiku na mchana, ila makosa ya 429 (maombi yamezidi kikomo) na 502 (seva ya mbele haikujibu vizuri) yalikuwa mengi mno kwa huduma inayongojewa na watu kwenye simu. Nikamwacha.

Wa tatu ni OpenRouter, na huyu nimebaki naye kwa kazi za majaribio. Bei ya tokeni ni ile ya mtengenezaji, ada yao wanaikata unaponunua salio, kwa hiyo unaiona waziwazi. Keshi inapita. Unaweza kuchagua ombi lako lisipelekwe kwa mtoa huduma anayehifadhi data, na mmoja akianguka linahamia kwa mwingine. Kwa modeli za wazi kama Llama, ambazo kampuni nyingine pia zinaweza kuziendesha, angalia ni nani anayeiendesha na kwa usahihi wa biti ngapi (biti chache ni modeli iliyobanwa), maana jina moja linaweza kuendeshwa kwa ukamilifu kwa mmoja na kubanwa kwa mwingine. Wao wanaonyesha, na wanakuruhusu kuchuja.

Sacco yenyewe nimeihamishia moja kwa moja kwa Anthropic, nyuma ya LiteLLM ninayoiendesha kwenye seva yangu. Ni mpitishaji pia, ila programu yake iko wazi na kumbukumbu zake ziko kwangu. Kila mradi una ufunguo wake wenye kikomo cha matumizi, na nikitaka kubadili modeli nabadili mstari mmoja.

Vile vipimo vitatu sijavizima. Vinakwenda kila usiku, na neno la siri hubadilika. Jana lilikuwa bizari, nalo lilirudi saa saba na dakika tatu.