Januari ya jua Gran Canaria: uzoefu wangu

Gran Canaria tuliichagua kwa sababu ya viza kwanza, jua likafuata. Mimi na mke wangu tunaishi Stockholm kwa vibali vya ukaazi, na pasipoti zetu bado ni za Tanzania. Mwenye pasipoti ya Sweden huamka asubuhi akaamua ni Thailand au ni Misri. Sisi tukiwaza hivyo tunaanza na fomu, picha, barua ya mwajiri na taarifa za benki. Gran Canaria, kimoja cha Visiwa vya Canary, iko chini ya Hispania, nayo Hispania imo Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa hiyo kibali cha Sweden pamoja na pasipoti vinatosha, mradi usipitishe siku 90 ndani ya siku 180. Beba vyote viwili. Wapo wanaodhani kile kikadi cha kibali kinatosha peke yake, wakaja kuhangaika uwanja wa ndege.

Ndugu waliuliza swali lao la kila mwaka: kwa nini msije nyumbani? Mke wangu ni wa Tanga, bahari anayo. Januari kaskazi inavuma na maji ya pwani yetu yanafika nyuzijoto 28, huwezi kuyalinganisha na popote Ulaya. Lakini aliyeishi ughaibuni anajua kwamba kwenda nyumbani si kupumzika. Kuna masanduku ya zawadi, kuna shangazi asiyepitwa, kuna harusi mbili na msiba mmoja, na kila jioni kuna mtu barazani anayetaka kuzungumza nawe faragha. Safari hiyo ina heri zake na tunaifanya, ila kwa likizo nyingine. Hii tuliitaka ya kulala.

Na usingizi tulikuwa na haja nao. Stockholm mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, hizo siku ambazo mawingu yanakuruhusu kuliona. Theluji yenyewe sina ugomvi nayo, angalau inang'aa. Linalonichosha ni giza. Ndiyo maana Wasweden wana desturi hii ya kukimbilia Visiwa vya Canary kwa ndege za kukodi, na wameanza tangu miaka ya 1950.

Matangazo ya kampuni za utalii yanakuonyesha pia Antalya ya Uturuki na Kupro kwa bei ya kutamanisha. Januari usidanganyike. Huko ndiyo majira yao ya mvua, na bei imeshuka kwa sababu hiyo. Canary iko latitudo ya 28, karibu zaidi na Moroko kuliko na Madrid. Kutoka Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, ni safari ya saa sita hivi, unashuka ukiwa na sweta mkononi.

Sasa jambo ambalo picha za matangazo hazikuambii: kisiwa ni kimoja lakini hali ya hewa ni mbili. Upepo unatoka kaskazini-mashariki, upande uleule wa kaskazi yetu, unabeba mawingu kutoka Atlantiki na kuyagonganisha na milima ya katikati, inayopita mita 1,900. Mawingu yanabaki kaskazini, kusini kunakauka. Siku moja tulipanda basi kwenda Las Palmas, mji mkuu, ambao una ufukwe mzuri sana wa Las Canteras. Tuliondoka kwenye jua kali, tukafika kwenye anga la kijivu, na tulipogeuza alasiri jua lilikuwa palepale tulipoliacha. Kwa hiyo ukiona tangazo la Gran Canaria kwa bei poa, kwanza tafuta hoteli iko upande gani.

Hata huko kusini kuna tofauti. Maspalomas ina vilima vya mchanga ambavyo lazima ukavione, lakini upepo unavipiga, na mchanga unaingia mpaka kwenye mkate wako. Sisi tulikaa Puerto Rico (si kile kisiwa cha Karibi, ni mji wa hapohapo kusini), bonde lililokingwa na majabali pande zote, na upepo hatukuusikia kabisa. Gharama yake ni ngazi. Nyumba za wageni zimepangwa juu ya majabali, na "dakika kumi kutoka baharini" ni dakika kumi za kuteremka. Kupanda ukiwa na maji ya kunywa na matunda ni hesabu nyingine. Mwenye magoti mabovu, au mwenye mtoto wa kusukumwa kwenye kigari, achukue chumba bondeni hata kama ni cha kizamani.

Chumba chetu kilikuwa safi, na roshani ilielekea magharibi, jambo tuliloliomba wakati wa kulipia na nashauri uliombe. Jioni jua linakaa mpaka karibu saa kumi na mbili na nusu, na ile saa ya mwisho ya mwanga ndiyo niliyoilipia. Malalamiko yangu ni bwawa la kuogelea. Kwenye picha linavutia, lakini halipashwi moto, na hakuna mahali popote palipoandikwa hivyo. Januari bwawa lisilopashwa moto ni la kupigia picha tu. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi. Ndani pia hakukuwa na kifaa cha kupasha joto, na usiku nyuzijoto zinashuka mpaka 15 hivi, kwa hiyo soksi na sweta usiziache.

Na bahari? Mtu wa pwani yetu ajiandae. Maji ni nyuzijoto 19 au 20. Mke wangu aliingia mpaka magotini, akasimama, akageuka. "Baba Salma, mimi bahari hii nitaitazama tu." Pembeni yetu vikongwe wa Kinorwe walikuwa wanaogelea kwa raha zao kama wako kwao mwezi wa Julai. Mimi nilizoea siku ya tatu, pale Amadores, ghuba iliyotengenezwa na watu na kumwagiwa mchanga mweupe, mawimbi hayana nguvu. Kutoka Puerto Rico unafika kwa miguu kwa njia ya lami inayopita ubavuni mwa jabali, na matembezi hayo nayapenda kuliko ufukwe wenyewe.

Chakula cha hoteli sina la kukisema, kizuri wala kibaya. Toka nje ule papas arrugadas, viazi vidogo vinavyochemshwa na maganda yake kwenye maji ya chumvi nyingi mpaka vikunjamane, kisha unachovya kwenye mojo, sosi ya vitunguu saumu, siki na pilipili. Ile nyekundu tuliipenda tukabeba chupa.

Kitu kimoja hakimo kwenye matangazo. Basi la kwenda Maspalomas linapita Arguineguín, mji wa wavuvi wenye wazee wengi wa Kinorwe wanaokaa msimu mzima. Gati la hapo ndilo ambalo Novemba 2020 zaidi ya watu 2,000 waliovuka kwa mitumbwi kutoka Afrika walilazwa chini kwa siku nyingi. Mwaka 2024 waliofika Canary kwa njia hiyo walipita 46,000. Kijana wa Kisenegali aliyetuuzia bangili alituuliza tumekuja kwa njia gani. Tulipomjibu kwa ndege, tena kwa likizo, alicheka sana, akatupunguzia bei.

Siku moja anga iligeuka njano. Hiyo wanaiita calima, vumbi la Sahara, na joto lilipanda ghafla. Mwenye pumu abebe dawa zake.

Kuhusu bei, wiki za katikati ya Januari ndizo nafuu. Tulipotazama wiki ya 9 ya mwaka, ambayo shule za Stockholm hufunga kwa likizo ya majira ya baridi, safari ileile ilikuwa karibu mara mbili. Wenye watoto wa shule hamna ujanja, nunueni tangu Agosti. Sisi wengine tusubiri Krismasi ipite, na hiyo chenji ikalipie chumba cha bondeni, chenye bwawa linalopashwa moto.