Nimerudi kupanda farasi baada ya miaka 22: uzoefu wangu na kozi ya watu wazima

Niliacha kupanda farasi nikiwa na miaka 15. Nilipojiandikisha tena, mikono yangu ilikuwa bado inakumbuka namna ya kushika hatamu, lakini kulikuwa na kitu kipya ambacho utotoni sikukijua: hofu. Zamani nilianguka, nikajipangusa vumbi, nikapanda tena. Leo nina watu wanaonitegemea na goti linalouma, na mwili unayajua hayo hata kichwa kikijikaza.

Mahali pa kwanza nilipokwenda hapakunifaa kabisa. Niliposema kwamba niliwahi kupanda, walinipa farasi mrefu mwenye haraka, wakanichanganya na watu waliozoea, na hazikupita dakika kumi tukawa tunakwenda mchakamchaka. Nikambana kwa miguu na kuvuta hatamu kwa wakati mmoja. Farasi aliyefunzwa huelewa kubanwa kwa miguu kuwa ni amri ya kwenda, na hatamu kuvutwa kuwa ni amri ya kusimama, kwa hiyo yule maskini alikuwa anapewa amri mbili zinazopingana. Alirusharusha kichwa. Nilishuka nikitetemeka, na sikurudi tena pale.

Kozi ninayoisifu hapa ni ya pili, masomo 12, nayo ilianzia ardhini. Somo la kwanza sikupanda kabisa. Nilimpiga farasi brashi, nikamsafisha kwato, nikamfunga tandiko, nikamwongoza kwa miguu uwanjani. Mwalimu alinieleza kwamba farasi huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso, ndiyo maana tunamkaribia kutoka begani huku tukisema naye. Nilikuwa nafanya hivyo tangu utotoni bila kujua sababu.

Masomo manne yaliyofuata yalikuwa ya kamba ndefu, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyostahili pesa zangu zote. Mwalimu anasimama katikati na kumzungusha farasi. Wewe uliye juu huna hatamu, na baadaye hata vikuku vya kukanyagia huna. Huna pa kujishikiza. Mikono inanyooshwa kama mbawa, kiuno kinalazimika kufuata mgongo wa farasi. Mtu mzima anayeogopa hujikunja mbele na kupandisha visigino, na hapo ndipo anapoyumba zaidi. Nilifundishwa kutafuta mstari mmoja ulionyooka kutoka sikio hadi bega, nyonga na kisigino. Nilipoupata kwa mara ya kwanza, hata kwa hatua nne tu, nilihisi uzito wangu ukishuka na kutulia.

Jambo lililonisaidia kuliko yote lilikuwa kuhesabu kwa sauti. Mchakamchaka wa farasi una mapigo mawili, na mpandaji huinuka bega la farasi lililo upande wa nje linapokwenda mbele, kisha hukaa. Mwalimu alinitaka nihesabu "moja, mbili" hadharani, kwani anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Farasi naye alilegea mara nilipoanza kupumua.

Kuhusu vifaa, usiitoe kabatini kofia ngumu ya zamani. Kinga ya ndani huchakaa kwa miaka, na kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu haifai tena hata kama haina ufa unaoonekana. Tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanda farasi, yenye alama ya kiwango cha usalama kama ASTM F1163 cha Marekani; ya baiskeli haitoshi. Viatu viwe na kisigino kifupi, kiasi cha sentimita 2.5, ili mguu usipenye kwenye kikuku na kunasa.

Kasoro zipo. Somo ni dakika 45, lakini kufunga tandiko kumo humohumo, kwa hiyo unabaki na dakika kama 30 mgongoni. Mara moja kwa wiki haitoshi. Mapaja yangu yaliuma siku mbili kila mara hadi nilipoongeza siku ya pili. Pia uzito wako utaulizwa mapema. Mwenzangu mmoja hilo lilimuudhi. Mimi niliona ni haki ya farasi, maana walimu wengi hawapendi abebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo.

Mwenye pupa ajue kwamba shoti ya taratibu, mwendo unaofuata baada ya mchakamchaka, ilikuja somo la 11. Mapigo matatu, kisha kimya kifupi ambapo miguu yote iko hewani. Nilizunguka uwanja nusu tu, nikampapasa shingo, nikaomba tena. Nimeshalipia masomo 12 mengine.