Postikadi za Monet mjini Mwanza: anza kwa kulitazama jua

Postikadi zenye mchoro wa mchoraji Mfaransa Claude Monet wa bandari ya Le Havre alfajiri, "Impression, soleil levant", zinapatikana Mwanza za aina mbili. Kwenye maduka ya vitabu na zawadi ya katikati ya mji kuna zilizochapwa nje ya nchi kwa ofseti (uchapaji wa kiwandani wa wino na sahani), shilingi 3,000 moja. Kwenye stesheneri kuna zinazochapwa hapa hapa kwa mashine ya tona (wino wa unga, kama wa fotokopi), shilingi 1,000. Tulizitazama zote mbili kwa mwanga wa mchana na kwa lenzi ya kukuzia.

Cha kwanza kukagua ni jua. Monet alilipaka rangi ya chungwa iliyokolea katikati ya anga la kijivu na buluu, ila kwa kiwango cha mwanga jua hilo limelingana karibu kabisa na anga linalolizunguka. Rangi peke yake ndiyo inayolitenga, na ndiyo maana ukilikodolea macho linaonekana kama linatetemeka. Jaribio lake ni rahisi: piga kadi picha kwa simu, pasipo jua la moja kwa moja, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kwenye kadi iliyochapwa vizuri jua litakaribia kumezwa na anga. Likibaki linang'aa kama taa, aliyeandaa faili aliliongezea mwanga na kuiharibu kazi yenyewe.

Ile ya ofseti ilifaulu jaribio hili. Ya tona ilishindwa vibaya: jua limebaki doa jeupe, na mtumbwi wa mbele umekuwa mweusi tititi. Wakazi wa ziwani hawahitaji kuelezwa kosa liko wapi. Mitumbwi ya dagaa ikirudi mwaloni asubuhi yenye ukungu, haiwi na weusi wa lami hata siku moja. Hufifia na kuingia kwenye buluu ya maji. Monet aliona hivyo hivyo, na mtumbwi wake wa karibu ni buluu iliyokolea inayoelekea kijani.

Ni kosa kuilaumu mashine. Tona ina uwezo wa kutoa mchoro huu kwa heshima, tatizo ni faili. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga, mchapaji ana wino nne tu: sayani (buluu inayoelekea kijani), majenta (waridi inayoelekea zambarau), njano na nyeusi. Chungwa lile kali la kiooni halifikiki kwa wino hizo. Mchapaji akilazimisha kwa kuzidisha majenta, jua linakuwa jekundu kama nyanya. Sayani ikipenya hata kidogo, linageuka kahawia. Anayetaka kuchapisha zake aombe faili ligeuzwe kwenda rangi nne kabla ya kuchapwa, sayani ndani ya duara la jua ibaki sifuri, na kitufe cha kuongeza ukali wa picha kisiguswe. Kisha achapiwe kadi moja ya sampuli, aipeleke nje mlangoni aitazame, ndipo aagize zilizobaki. Kwa kadi ya sentimita 14.8 kwa 10.5, picha iwe na angalau pikseli 1,748 kwa 1,240. Faili lililotumwa kama picha ya kawaida kwa WhatsApp huwa limeshabanwa, na mistari ya brashi majini huungana ikawa uji.

Kuna pia suala la kukata. Mchoro halisi, ulioko kwenye makumbusho ya Marmottan Monet jijini Paris, una sentimita 48 kwenda juu na 63 kwa upana. Umbo hilo haliingii sawasawa kwenye kadi ya sentimita 15 kwa 10: ukijaza upana wote, milimita 14 za kimo zinabaki nje. Kadi ya tona imezitoa zote chini, na sahihi ya Monet yenye mwaka 72 (yaani 1872), iliyoko kona ya chini kushoto, imeondoka nayo. Halafu nyuma wameandika 1874 kama mwaka wa mchoro, ilhali huo ni mwaka ulipoonyeshwa Paris. Sahihi ingekuwepo, kosa hilo lingeonekana mapema. Ya ofseti imeacha ukingo mweupe na mchoro umebaki mzima. Wapo wanaoona ukingo ni kupoteza nafasi. Sisi tunauona ndio uungwana wa kadi hii.

Karatasi ya ofseti ni ya gramu 350 kwa mita ya mraba, mbele laini, nyuma kavu, kalamu ya kawaida inashika mara moja. Ile ya tona ni gramu 250 na imewekewa plastiki upande wa picha tu. Masika ndipo inapojikunja: mgongo unafyonza unyevu na kutanuka, plastiki haitanuki, kwa hiyo kadi inapinda kuelekea kwenye picha. Kuiweka chini ya vitabu vizito kunasaidia kwa muda tu. Afadhali mchapaji aache plastiki kabisa, apande hadi gramu 300. Kingo za kadi hiyo pia zimebanduka rangi zikabaki nyeupe nyeupe, dalili kwamba kisu cha kukatia kilikuwa butu.

Posta, kadi zote mbili zinapita, kwa kuwa vipimo vya kimataifa vya postikadi ni kuanzia sentimita 9 kwa 14 hadi 12 kwa 23.5. Epuka kalamu ya jeli, mhuri ukipita juu yake inachafuka.

Ya kutuma au kutunza, nunua ya ofseti. Bei yake ni halali. Ya tona tungeikubali kwa mwalimu anayehitaji kadi nyingi za darasa la sanaa, kwa sharti faili lirekebishwe kwanza. Kadi yoyote ukiiwekea fremu, fundi aache nafasi kati ya kadi na kioo, la sivyo unyevu utazigandisha pamoja. Na usiitundike panapopigwa na jua la alasiri, kwa sababu majenta na njano ndizo zinazotangulia kupauka, na jua la Monet limechapwa kwa hizo mbili.