Uzoefu wangu wa kubadilisha pikapu za gitaa la umeme: Seymour Duncan JB na Jazz

Gitaa langu lina hambaka mbili (pikapu, yaani vinasa mtetemo wa nyuzi, zenye koili mbili za waya kila moja), swichi ya nafasi tatu, kidhibiti sauti na kidhibiti toni. Shingo yake imenyooka, freti (vyuma vya kukingama shingoni) zimesawazishwa vizuri, na nyuzi zikipigwa bila amplifaya sauti yake hudumu na kila noti husikika wazi. Kasoro ilijitokeza mara tu gitaa lilipounganishwa na amplifaya. Nilipoongeza mkwaruzo wa distoshoni na kupiga nyuzi nne au tano kwa pamoja, noti zote ziligeuka kuwa kishindo kimoja ambacho hakikuwezekana kutenganishwa, na nilipopunguza kidhibiti sauti ili nipate sauti safi, zile noti za juu zilififia na kubaki mvumo mzito usio na uhai. Zaidi ya hayo, pikapu ya darajani, ile iliyo karibu na daraja linaloshikilia nyuzi, ilikuwa ikitoa mlio mkali kila amplifaya ilipofunguliwa sana, mlio ambao haukutokana na nyuzi hata kidogo. Hiyo ni dalili kwamba waya wa koili haukushikizwa vizuri kwa nta na unatetemeka wenyewe ndani ya kiunzi chake. Kwa sababu mbao na shingo vilikuwa vikiniridhisha, niliamua kubadilisha pikapu na kuliacha gitaa lenyewe lilivyo.

Nilichagua pikapu mbili za kampuni ya Seymour Duncan: JB kwa upande wa darajani na Jazz kwa upande wa shingoni. Uchaguzi huu unahitaji maelezo, kwa kuwa wanunuzi wengi hutazama tarakimu za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) na kudhani kwamba tarakimu kubwa ndiyo nguvu kubwa. JB ina ukinzani wa takriban omu 16,000, na Jazz ya shingoni karibu omu 7,700, ilhali hambaka za kale zilikuwa kati ya omu 7,000 na 9,000. Lakini ukinzani hutegemea pia wembamba wa waya: mizunguko ileile ikisukwa kwa waya mwembamba zaidi hutoa omu nyingi zaidi bila nguvu kuongezeka kwa kiwango hichohicho. Aina ya sumaku nayo ina neno lake. Pikapu hizi zote mbili hutumia sumaku ya Alnico 5 (aloi yenye alumini, nikeli na kobalti), ambayo sauti yake huonwa na wapigaji wengi kuwa na uwazi kuliko Alnico 2 iliyo laini, na isiyo kavu kama ile ya sumaku za kauri. Kwa hiyo nilizitumia omu kama kielelezo tu, nikajali zaidi namna pikapu ya shingoni itakavyolingana na ya darajani.

Jinsi pikapu inavyofanya kazi ndiko kulikonifanya niamini kwamba tofauti ingesikika. Sumaku huutia uzi wa chuma usumaku, uzi unapotetemeka huuvuruga uga wa sumaku, na vurugu hiyo huzalisha umeme mdogo katika maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba. Koili moja peke yake hunasa pia mvumo wa umeme wa majumbani, wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya suluhisho lake mwaka 1955, nayo ikatolewa mwaka 1959: koili mbili kando kwa kando, zikiwa na ncha za sumaku zinazopingana na waya uliounganishwa kinyume, hivi kwamba mvumo unaoingia kwenye koili zote mbili unajifuta, lakini ishara ya nyuzi inajumlishwa. Hadi leo sioni katika gitaa lote wazo lililo zuri kuliko hilo, na kila hambaka tunayonunua bado inalifuata.

Kabla ya kununua nilipima umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale pikapu ya darajani inapokaa. Magitaa ya mtindo wa Gibson huwa na kama milimita 50, na yale yenye daraja pana la mtindo wa Fender hukaribia milimita 53, na JB hutengenezwa kwa vipimo vyote viwili: SH-4 kwa nyuzi zilizokaribiana na TB-4 kwa zilizoachana. Langu lilihitaji SH-4. Nilipima pia vidhibiti vilivyokuwemo nikaona ni vya omu 500,000, ambavyo ndivyo vya kawaida kwa hambaka. Vile vya omu 250,000 hupunguza sauti za juu na huwekwa zaidi kwenye magitaa ya koili moja.

Kazi ya kufunga niliifanya mwenyewe. Nilitoa nyuzi, nikafunika uso wa gitaa kwa kitambaa kizito ili matone ya lehemu yasiunguze rangi, nikapiga picha ya kila kiungo kabla ya kukigusa, kisha nikachomoa pikapu za zamani. Kila pikapu mpya ina nyaya nne za rangi na mmoja ulio wazi. Kwa mpangilio wa Seymour Duncan, mweusi ndio unaobeba ishara, mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja na kufunikwa, na wa kijani pamoja na ule ulio wazi huenda kwenye ethi. Jambo hili linastahili uangalifu mkubwa kwa anayechanganya watengenezaji, kwa kuwa rangi hazifanani: kwa DiMarzio, kwa mfano, mwekundu ndio wa ishara, na mweusi huunganishwa na mweupe. Pikapu mbili zikifungwa kinyume, kila moja ikipigwa peke yake itasikika sawa, lakini swichi ikiwekwa katikati sauti inakuwa nyembamba na besi inatoweka.

Sehemu iliyohitaji ustadi ni kulehemu nyaya za ethi kwenye mgongo wa kidhibiti, kwa sababu chuma kile hunyonya joto haraka. Chuma cha kulehemia cha wati 40 au zaidi, kikiwa na ncha pana, humaliza kazi kwa sekunde chache. Kilicho dhaifu hulazimu kushikiliwa kwa muda mrefu, na muda huo ndio unaoharibu kidhibiti chenyewe. Kabla ya kurudisha nyuzi nilichomeka kebo, nikafungua amplifaya kidogo, na kugonga kila pikapu kwa bisibisi, nikihakikisha kwamba mlio unatoka pale swichi inapoelekeza.

JB ina sauti za katikati ya juu zinazosukumwa mbele, na katika mkwaruzo wa wastani hiyo ndiyo fadhila yake: solo inapenya bila kuongeza sauti ya amplifaya, na noti zilizopigwa pamoja zinabaki kila moja mahali pake. Ule mlio mkali wa zamani umekwisha kabisa. Katika sauti safi pikapu hii ina ukali fulani ambao wengine wataupenda, ila mimi huushusha kwa kupunguza kidhibiti toni kidogo. Wapo wapigaji wanaoiwekea kidhibiti sauti cha omu 250,000 kwa lengo hilohilo, na kwa gitaa lenye mbao na daraja linalong'aa sana kwa sauti, ningeona huo kuwa uamuzi wa busara.

Hata hivyo, kama ningetakiwa kununua moja tu kati ya hizi mbili, ningenunua Jazz. Pikapu ya shingoni ndiyo inayopuuzwa, watu wakidhani besi nzito ndiyo hulka yake ya kuzaliwa, ilhali uzito ule hutokana mara nyingi na koili iliyojazwa mizunguko kupita kiasi mahali ambapo uzi tayari unatetemeka kwa upana. Jazz ina mizunguko michache zaidi, na matokeo yake ni kwamba uzi wa sita unasikika kama uzi, wenye mwanzo na mwisho. Nikipunguza kidhibiti sauti hadi nusu, distoshoni inageuka kuwa sauti safi ambayo bado ina mng'aro, jambo ambalo pikapu za kiwandani hazikuwahi kulifanya. Sasa ridhimu nyingi nazipiga kwa pikapu ya shingoni.

Urefu wa pikapu kutoka kwenye nyuzi una athari ambayo sikuitarajia kuwa kubwa kiasi hiki. Nikiwa nimebonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, nilianza na milimita 2.4 upande wa besi na milimita 1.6 upande wa nyuzi nyembamba, kisha nikawa nazungusha skrubu robo mzunguko na kusikiliza. JB niliiacha karibu na hapo. Jazz niliishusha zaidi mpaka sauti za pikapu mbili zikalingana, na kadiri nilivyoishusha ndivyo noti zilivyozidi kuwa na hewa. Kwa kweli anayefikiria kubadilisha pikapu afanye zoezi hili kwanza kwa zile alizonazo, akiwa ameweka nyuzi mpya, kwa kuwa gharama yake ni bisibisi tu. Ikiwa kishindo na kufifia kwa noti vitabaki, hapo pikapu ndizo zenye tatizo.

Nyaya nne huruhusu pia kuzima koili moja na kuigeuza hambaka kuwa pikapu ya koili moja. Nilijaribu kwa kupeleka kiungo cha mwekundu na mweupe kwenye ethi: mvumo ulirudi, kama inavyotarajiwa, na nguvu ikashuka. JB, kwa wingi wa mizunguko yake, ilibaki na mwili wa kutosha kutumika jukwaani. Jazz ilikuwa nyembamba mno kwa ladha yangu. Sikufunga swichi ya kudumu, lakini kiungo hicho cha kila pikapu nimekiacha kirefu, kikiwa kimefunikwa kwa mrija wa kuzuia umeme, ili swichi iweze kuongezwa bila kulehemu upya nyaya nyingine.